Zamu ya Mlimani

Viti vilikuwa viwili kwa kila mfanyabiashara, na Gharibu alikuwa na wake wawili. Umoja wa wafanyabiashara wa soko la Kasulu ulikuwa umeandaa matembezi ya Nanenane: Ijumaa kwenda Kigoma na kulala huko, Jumamosi alfajiri kupanda boti hadi hifadhi ya Gombe, kukwea mlima, kuona sokwe, na kurejea Kasulu kabla ya magharibi. Kila mwanachama na mwenzi wake, tangazo lilisema. Aliyeliandika alikuwa na mke mmoja, bila shaka, na akili yake ikaishia hapo.

Isitoshe, siku zenyewe ziliangukia zamu ya Yasmini, mke mdogo aliyeolewa miaka mitatu nyuma. Gharibu alikuwa na duka la vitambaa Kasulu na jingine Kibondo, na katika kila mji mke mmoja. Alikaa siku tatu huku na siku tatu kule, na kila siku ilihesabiwa tangu jua linapozama, kwa kuwa usiku ndio unaotangulia mchana wake. Katika jambo hilo hakuwa mtu wa mchezo. Mwanahawa, bi mkubwa wa Kasulu, alikuwa na mengi ya kusema juu ya mumewe, lakini hakuweza kusema kwamba aliwahi kumpunja hata usiku mmoja.

Alichopunjwa kilikuwa kingine. Gharibu aliyefika Kasulu alikuwa mtu wa kulalamikia kiuno, kuuliza habari za mtoto wao Mudathiri aliye chuoni, na kusinzia kabla ya taarifa ya habari kwisha. Gharibu wa Kibondo, kwa maneno ya waliomwona, alikuwa mtu wa kucheka. Mwanahawa alikuwa na wivu, na hakuna sababu ya kulizungusha jambo hilo. Haukuwa wivu wa kelele wala wa kuvunja vyombo. Alikuwa akichambua nao mchele, akikunja nao nguo, na kila zamu ilipokwisha, mume akaingia garini, ulimkaa kooni hadi siku ya nne. Haki yake alikuwa akipewa kamili. Yeye alitaka achaguliwe, walau mara moja, na watu waone.

*

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, Gharibu aliita kikao sebuleni. Waliohudhuria walikuwa yeye, Mwanahawa, na Zena, dada yake Gharibu, anayekaa nyumba ya pili. Yasmini alihudhuria kwa simu, iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai na kufunguliwa sauti.

"Sheikhe alitufundisha darasani," alisema Gharibu. "Mtu mwenye wake zaidi ya mmoja akitaka kusafiri, apige kura. Kura ikimtokea mmoja, ndiye anayekwenda, na mwenzake hadai siku hizo. Lakini akimchukua mmoja bila kura, yule aliyebaki anamdai, na lazima amlipe siku zake. Sasa mimi sitaki mtu anidai."

"Sawa, mume wangu," ilisema simu. "Mimi naridhia. Shikamoo, dada."

"Marahaba," alisema Mwanahawa. Yasmini hakukosa kumwamkia hata siku moja, na kila shikamoo ilimkumbusha tofauti ya miaka iliyokuwa kati yao.

Gharibu aliingia chumbani, akatoka na vikaratasi viwili vilivyokunjwa, akavitia ndani ya kofia yake. Zena alifumba macho, akatia mkono, akachomoa kimoja na kukisoma kwa kukiinua juu dirishani, maana miwani aliiacha kwake.

"Mwanahawa," alisema.

Gharibu alikitoa cha pili haraka, akakitumbukiza mfukoni mwa koti. Mwanahawa hakukiangalia. Masikio yalikuwa yakimvuma.

"Hongera, dada," ilisema simu. "Uende salama. Utupigie na picha."

Wiki ile nzima Mwanahawa hakugusika. Alinunua raba nyeupe, akashona suruali pana ya kuvaa ndani ya dera, akawaambia majirani kwamba kura ilimtokea, kura ya mbele ya watu, hakuna aliyependelewa. Muuza mkaa wa mtaani aliambiwa mara mbili. Sauti ya Yasmini ilipomjia akilini, ile ya kusema hongera, aliisikiliza upya akitafuta uchungu ndani yake. Hakuupata, akajiambia kwamba mwanamke yule anajua kujikaza.

*

Ijumaa alasiri gari aina ya Kosta lilikuwa stendi, na Saady, katibu wa umoja na muuza vyombo, alisimama mlangoni na orodha, akisoma kwa sauti ya mtu aliyepewa cheo na hataki kitu kimpite.

"Reverien Ndayisenga na Claudine. Haya, pandeni. Gharibu Abdalah na Yasmini."

Watu walikuwa wameshamwona Mwanahawa na raba zake nyeupe. Mazungumzo yakapungua.

"Ni Mwanahawa," alisema Gharibu chini chini. "Rekebisha."

"Hapa umeniandikia Yasmini mwenyewe, kwa mkono wako."

"Nimesema rekebisha, Saady."

Saady akatafuta kalamu mfuko huu na ule, akaazima ya kondakta, akalikata lile jina na kuandika jingine juu yake, herufi kwa herufi, huku abiria waliokuwa nyuma wakisubiri. Mwanahawa alipanda akiwa ameinamisha uso. Basi lilipokuwa likipita kona za njia ya Kigoma ndipo alipopata maneno ya kujifariji: zamu ilikuwa ya Yasmini, kwa hiyo ni kweli mume alianza kumwandika mwenye zamu. Lakini kura ikaja ikampindua. Alilirudia hilo mpaka likamtuliza.

Usiku ule Kigoma, Gharibu alikunywa dawa ya kiuno akalala.

*

Mwongozaji wao aliitwa Anania, kijana wa vijiji vya ufukweni, mwembamba, mwenye panga kiunoni. "Mwakeye," aliwasalimia kwa Kiha, nao wakaitikia kwa furaha ya kusalimiwa kwa lugha ya nyumbani. Akawaeleza masharti: asiyejisikia vizuri asipande, barakoa zivaliwe mkiwakaribia sokwe, hakuna kula mbele yao, hakuna kupiga kelele. Jua la Agosti lilikuwa limeshaukausha mlima upande wa nyasi, lakini bondeni, kando ya kijito, miti ilikuwa imefungana na hewa ilikuwa na ubaridi.

Waliingia njiani. Dakika kumi za mwanzo kila mtu alikuwa hodari. Baada ya hapo njia ikasimama kama ngazi, wauza maduka waliozoea kukaa juu ya viti vya plastiki wakaanza kushika miti, na Saady akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Kasulu. Gharibu alikuwa mbele. Mwanahawa alikuwa nyuma na Claudine, mkewe Reverien, mwanamke wa Murungu aliyezaliwa na wazazi waliotoka Burundi, mwepesi wa miguu, aliyezoea kupanda vilima na mzigo kichwani.

"Pole pole, Mama Mudathiri. Mlima haukimbii," alisema Claudine.

"Mumeo hata hageuki kukuangalia?"

"Ego, ni kweli, hageuki. Anajua niko." Claudine alicheka. "Mimi nakuonea wivu wewe."

"Mimi? Unionee mimi wivu?"

"Wako asipokuwepo, unajua yuko Kibondo, na nyumba unaijua, na mwanamke unamjua, na siku ya kurudi unaijua. Wangu asipokuwepo, najua tu kwamba simu imezimwa."

Kwa miaka mitatu Mwanahawa alikuwa ameamini kwamba hakuna mwanamke Kasulu ambaye angekubali kubadilishana naye. Alitaka kuuliza zaidi, lakini pumzi haikutosha kwa maneno na kupanda kwa pamoja.

Sokwe walikuwa kwenye uwazi mdogo. Dume kubwa lilikuwa limekaa, limeinamisha kichwa, na jike moja lilikuwa likilichambua manyoya mgongoni kwa makini, unyoya kwa unyoya. Hatua chache pembeni jike jingine, lenye umri mkubwa, lilikuwa limewapa mgongo likitafuna tunda.

"Gharibu," alinong'ona Saady ndani ya barakoa, pumzi zikiwa zimeshamrudia, "salimia ndugu yako. Naona na yeye ni mtu wa Kasulu na Kibondo."

Kicheko kilipita mstari mzima, kile cha kubanwa, kinachouma zaidi. Gharibu naye alicheka. Mwanahawa aliliangalia lile jike lenye kutafuna tunda, na alijua kwamba wenzake wote walikuwa wakiliangalia hilo hilo na kumwangalia yeye. Anania peke yake hakucheka. Alisema jike lile lilikuwa na watoto wanne msituni na linaheshimiwa sana. Alisema kwa nia njema, nayo ikawa mbaya zaidi.

*

Juu ya maporomoko ya kile kijito, njia ilipotoka msituni na kuingia kwenye nyasi, jua liliwapiga usoni. Gharibu alivua koti lake la kijivu, lile analovaa harusini, msibani na safarini, akampa mkewe amshikie, kisha akatangulia na wanaume. Jasho lilikuwa likimwingia Mwanahawa machoni. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti kutafuta leso.

Kilichotoka ni kikaratasi kilichokunjwa mara mbili.

Alikitambua kabla ya kukifungua. Kulikuwa na jina la Yasmini mle ndani, na alikuwa na hamu ya kuliona jina hilo likiwa limeshindwa. Akasubiri Claudine apite mbele, akakifungua.

*Mwanahawa.*

Alisoma tena. Akageuza upande wa pili, hakukuwa na kitu. Karatasi mbili, jina moja. Alikaa chini kwenye nyasi kavu, na furaha iliyomjia hapo hakuwa ameipata tangu alipoolewa, na pengine hata siku ile hakuipata. Gharibu, mtu wa mizani, mtu asiyempunja yeyote hata dakika, alikuwa ameiba. Aliiba kwa ajili yake. Alitaka kwenda naye, akaogopa kura isije ikampa mwingine, akaihakikisha. Jina la kwenye orodha ya Saady lilikuwa geresha tu. Mwanahawa alicheka peke yake mlimani, mkono mdomoni. Dhambi ya mumewe aliiona, na aliisamehe papo hapo, na alijua haikuwa kazi yake kuisamehe.

Magoti yakasahau maumivu. Aliwapita Saady na mkewe, akampita hata Claudine, akamkuta Gharibu juu kabisa ya mgongo wa mlima, amekaa peke yake juu ya jiwe, ziwa lote likiwa chini yake na milima ya Kongo ng'ambo katika ukungu wa vumbi. Alikaa ubavuni pake, karibu kuliko kawaida yao.

"Baba Mudathiri."

"Naam."

"Nimeiona karatasi ya pili."

Gharibu aligeuza shingo taratibu.

"Usiogope. Simwambii mtu." Alimsukuma kwa bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. "Kumbe na wewe unajua kuiba?"

Hapa mwanamume mwerevu angecheka na kunyamaza. Gharibu alikuwa mwanamume mkweli, na ukweli wake ulikuwa hauchagui wakati.

"Si wizi," alisema. "Mwenyewe aliridhia."

"Mwenyewe nani?"

"Yasmini. Siku zilikuwa zake, jina lake nilishalipeleka kwa Saady. Ndipo akasema Jumamosi ni gulio la Mabamba, ana mzigo wa maharage, hawezi kuuacha aje kuangalia nyani."

"Sokwe," alisema Mwanahawa. Hakujua kwa nini alisahihisha.

"Sokwe. Akasema, mpeleke dada, maskini, hajawahi kutembezwa. Nikamwambia, dada yako nikimwambia kwamba umemwachia, hatakuja. Akasema basi piga kura, andika jina moja, yeye hana kinyongo."

"Maskini," alisema Mwanahawa.

"Ni namna ya kusema tu."

"Kwa hiyo siku ile kwenye simu, aliposema anaridhia. Aliposema hongera. Alikuwa anajua."

"Alijua. Lakini alifurahi kweli, Mama Mudathiri. Yule hana roho mbaya."

Angekuwa na roho mbaya, Mwanahawa angepona. Mtu mbaya unamchukia, unamwombea mabaya, unamtangaza, siku inakwenda. Huyu alikuwa amekaa Kibondo na kuwaza, ametoa kwa roho safi kitu ambacho Mwanahawa alikuwa amekiombea dua sijida baada ya sijida. Na hakukitoa kwa sababu ya mgonjwa au msiba, amekitoa kwa sababu ya magunia ya maharage. Miaka mitatu Mwanahawa alimwonea wivu akidhani wanagombea. Kumbe mwenzake hakuwa hata kwenye ugomvi. Wivu uliomshika sasa ulikuwa mpya, nao ulikuwa mkali kuliko wa zamani: alimwonea Yasmini wivu wa kuweza kukikataa.

"Piga picha," alisema, akasimama.

"Picha ya nini?"

"Aliomba picha. Piga, umpelekee."

Gharibu alipiga. Katika picha ile, ambayo hadi leo imo kwenye simu tatu, Mwanahawa anatabasamu, na raba zake zimekuwa nyekundu kwa udongo.

Wakati wa kushuka Gharibu alimnyooshea mkono mara mbili penye utelezi. Mara zote mbili Mwanahawa alishika mti.

*

Walifika nyumbani jua likiwa linakaribia kuzama. Zena alikuwa amewaachia uji wa moto kwenye chupa na maji ya kuoga. Gharibu aliketi kwenye kiti cha mlangoni, akahema, akainama kufungua viatu. Zamu ya Yasmini ilikuwa inakwisha na jua lile. Usiku uliokuwa unaingia ulikuwa wa Kasulu, wa kwanza kati ya tatu.

Mwanahawa hakuketi. Tangu Kigoma, saa mbili nzima ndani ya Kosta, alikuwa akiyapanga maneno, na aliogopa akikaa yatamtoka.

"Kura haikuwa kura," alisema.

"Hayo si yamekwisha?"

"Sheikhe alisemaje? Bila kura, aliyebaki anadai siku zake."

"Anayeachia kwa hiari hadai. Na hilo pia ni la sheikhe."

"Aliniachia mimi, na mimi hakuniuliza mtu. Sikupokea." Sauti yake ilikuwa shwari, hata mwenyewe ilimshangaza. "Usiku huu ni wangu, sivyo? Basi mpelekee yeye. Mimi sitaki kula cha mtu."

Gharibu aliacha mikono kwenye kamba za kiatu. "Kibondo? Sasa hivi?"

"Lami mpaka mlangoni. Gari lako si hilo hapo?"

"Nimechoka, Mama Mudathiri."

Moyo wa Mwanahawa uliruka. Sema hivyo tena, aliwaza. Sema umechoka, sema huendi, sema nipo kwangu na siondoki, unifokee ukitaka. Aliutazama mkono wa mumewe, na mkono ule ukaendelea na kazi yake, ukaivuta kamba ya kiatu cha kulia, ukailegeza. Angevua kiatu kile, yote yangekwisha. Wala asingemdai neno jingine.

Lakini Gharibu alikuwa akiwaza. Hayakuwa mawazo ya Kibondo wala ya maharage, tumtendee haki. Alikuwa akiwaza sheria, kama alivyowaza maisha yake yote, na aliogopa kubaki mahali ambapo mwenye haki amemwambia aondoke.

"Umetoa kwa moyo mkunjufu?" aliuliza. "Maana jambo la zamu haliendi kwa kinyongo. Kama kuna kinyongo, niambie, nabaki."

Hapo ndipo mlango wa kurudi nyuma ulipofunguliwa, na Mwanahawa aliuona. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini neno lenyewe lilikuwa la kuomba, na alikuwa ametoka kupewa siku nzima kwa sababu ni maskini. Hakuweza kupewa na usiku.

"Kwa moyo mkunjufu," alisema.

Gharibu alimtazama usoni kitambo, akitafuta kinyongo, asikione. Akaamini.

"Allah akulipe," alisema. "Nitaswali njiani."

Kiatu cha kulia kilikuwa kimeshalegea. Akainama, akakifunga tena.